Mbwa wa zamu ya usiku aachiwe maji mchana

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni msoma mita za maji hapa Dar es Salaam, upande wa Tabata na Segerea. Kabla sijavuka geti la mtu huuliza kwanza, "Mbwa amefungwa?" Jibu mara nyingi ni ndiyo, maana mbwa wetu ni walinzi wa zamu ya usiku: jioni wanafunguliwa, alfajiri wanarudishwa bandani. Hilo silipingi hata kidogo, suruali zangu ni mashahidi. Ninacholalamikia ni kwamba nikichungulia humo bandani, mara nyingi sioni maji.

Kuanzia Desemba hadi Machi jiji hili hufika nyuzi 32, na banda lenyewe ni mbao na bati, pengine limeegemezwa kwenye ukuta unaopigwa jua la saa nane. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kila pumzi inatoka na maji yake. Ukiuliza utaambiwa, "Alikunywa jana usiku na ugali wake." Mchuzi wa dagaa wa saa mbili usiku ndio umvushe mpaka jioni ya pili?

Wengi si wakatili. Baba mwenye nyumba ndiye anayezoeana na mbwa, naye ameshaenda kazini. Dada aliyebaki anaogopa kuingiza mkono bandani, na mimi simlaumu. Nyumba moja Segerea wamelimaliza tatizo hilo kwa kipande cha bomba la plastiki: wamekipitisha kwenye wavu, ndani kinamwaga kwenye beseni, nje wamekichomekea chupa ya maji iliyokatwa kitako. Dada anamimina akiwa nje, mbwa anakunywa ndani. Na beseni limekalishwa kwenye tairi bovu ili lisipinduliwe. Fundi wa hapo apewe soda.

Wapo wanaoniambia maji ni ghali. Hapo wameingia kwenye kazi yangu. Mbwa wa kilo 20 anahitaji kama lita moja kwa siku, na kwenye joto tuseme lita moja na nusu. Kwa mwezi ni lita 45, madumu mawili na kidogo. Uniti moja ni lita 1,000. Bomba la bustani linalodondoka nyuma ya banda hilohilo linapoteza zaidi ya hapo, na hakuna anayeliita ghali. Siku za mgao nazo, dumu moja likiwekwa pembeni litamtosha siku kadhaa.

Jirani mwingine atasema maji ya mbwa yanaleta mbu wa dengue. Ana hoja, 2019 tuliionja hapa mjini. Lakini mbu huyo anahitaji wiki moja hivi kutoka yai hadi kuruka, na mayai yake hushika kwenye kuta za chombo. Kwa hiyo maji yabadilishwe kila siku, na chombo kisuguliwe, si kumwaga tu. Tena mbwa asiyepewa maji nyumbani, usiku akifunguliwa atayanywa mtaroni, kwenye mikojo ya panya. Homa ya mgunda, ile iliyoua watu Lindi mwaka 2022, inasambaa kwa njia hiyo, na mbwa akiipata anaweza kuikojoa uani wanakocheza watoto wako.

Waislamu wenzangu wanaohofia najisi wamtengee chombo chake tu. Habari za yule aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake tumezisikia sote tangu madrasa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, ila sidhani kama jambo la sufuria la maji linahitaji polisi. Ombi langu ni kwa maofisa mifugo wa kata: mnapopita na chanjo ya kichaa cha mbwa, chungulieni na bandani, mwulizeni mwenye mbwa chombo cha maji kiko wapi. Ninyi mtasikilizwa. Mimi nikiuliza naambiwa nisome mita niondoke.

Msoma mita (jina limehifadhiwa),
Tabata, Dar es Salaam