Jua la mchana, maji ya usiku

Garissa,
Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa Mwanahawa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Sisi hatujambo, ila joto limetuzidi, na mama anakusalimu na kuuulizia ule mkeka uliomwahidi. Barua yako ilinikuta Mwingi kwenye matanga, na tangu niisome moyo wangu haujatulia. Unasema baba mkwe amewaambia watu kwamba kituo cha umeme wa jua cha TANESCO hapo Kishapu kitafukuza mvua kwa kuwa paneli hufyonza joto la nchi, na kwamba usiku hakitafaa kitu, nawe kwa heshima ya ukwe ukanyamaza.

Mwambie shemeji Masanja amweleze mzee, kwa upole, kwamba paneli hazili joto, zinakula mwanga. Kituo chetu cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019, kina paneli zaidi ya 200,000 katika eneo la hekta 85 hivi, na nilipokitembelea na wanafunzi wangu fundi alitueleza jambo lililowashangaza: joto ni adui wa paneli. Kila digrii moja joto la paneli linapopanda juu ya nyuzi 25 za Selsiasi huipunguzia nguvu kwa karibu asilimia 0.4, kwa hiyo mchana wenye jua kali na upepo wa baridi huzifaa kuliko mchana wenye jua hilo hilo na joto linalochoma. Na kuhusu mvua, mwishoni mwa mwaka 2023, paneli hizo zikiwa zimetimiza karibu miaka minne hapa, ilinyesha mvua ya El Niño hata mto Tana ukafurika na kuwahamisha watu majumbani mwao. Mpe mzee habari hiyo kwanza, kabla ya nyingine zote.

Umeme wenyewe huzaliwa ndani ya silikoni iliyomo kwenye paneli. Mwanga unapoipiga, elektroni, chembe ndogo mno zinazobeba umeme, hung'oka mahali pake, na kwa kuwa silikoni hiyo ina tabaka mbili zilizochanganywa na vitu tofauti, elektroni hizo husukumwa upande mmoja, zikapita kwenye nyaya kama umeme wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu. Kifaa kiitwacho inveta huugeuza kuwa mkondo geu, unaobadili mwelekeo kila mara, aina ile ile inayofika majumbani, kisha transfoma huupandisha msongo ili usipotee njiani. Hapachomwi kitu wala hapatoki moshi. Waliokuwepo mji huu ulipotegemea jenereta za dizeli wanaijua tofauti hiyo kwa masikio na kwa pua.

Lakini hoja ya mzee iliyonikaa zaidi ni ile ya usiku, kwa sababu ndani yake mna ukweli. Jua likizama, kituo cha paneli kisicho na betri hakitoi kitu. Hata hivyo, unakumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2006, tulipokuwa tukisomea mishumaa chuoni Dar es Salaam kwa sababu ukame ulikuwa umepunguza mno maji ya bwawa la Mtera? Paneli zinapobeba sehemu ya mzigo wa mchana, mitambo ya bwawa inaweza kupunguziwa kazi, na maji ambayo yangepita saa sita mchana yakabaki yakingoja saa mbili usiku, watu wanapowasha taa na kupika. Hapa kwetu, maji ya Tana huzalisha umeme katika mabwawa ya Masinga hadi Kiambere kabla ya kutufikia sisi, nami kila ninapouona mto umenywea wakati wa kiangazi nafikiri kwamba jua lile lile linaloukausha lingeweza kuupumzisha, kama tungekuwa na vituo vingi zaidi. Kwenu, megawati 50 za awamu ya kwanza, na 150 mradi ukikamilika, si kidogo. Mzee alipoteza ng'ombe wangapi katika ukame ule? Mtu aliyeiona Mtera ikikauka ndiye hasa anayepaswa kuutetea mradi huu.

Sasa nijibu haraka. Mkutano wa kijiji kuhusu mradi huo ni lini, kama upo? Wenye mashamba yaliyochukuliwa wamelipwa fidia yao, au hilo ndilo linalomuuma mzee na mvua ni kisingizio cha heshima tu? Vijana wa kijijini wamepata kazi? Na je, Masanja atakubali kuzungumza naye, au nimwombe mjomba wako wa Tabora, ambaye mzee humsikiliza?

Wako akupendaye,
Zainabu