Mota inapiga mluzi baada ya kufungiwa inveta? Anza na masafa ya kubebea

Simu nyingi tunazopokea huja siku chache tu baada ya inveta, yaani kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota, kufungwa. Pampu inafanya kazi na mwendo unapanda na kushuka vizuri, ila mota iliyokuwa kimya sasa inapiga mluzi mwembamba unaochoma masikio. Mteja anauliza kama ameuziwa mota mbovu. Mara nyingi mota ni nzima. Mluzi unatokana na jinsi inveta inavyotengeneza umeme wake, na unaweza kupunguzwa bila kufungua skrubu hata moja ya mota.

Inveta hupokea umeme wa mkondo geu, ikaufanya mnyoofu, kisha transista zake zikaukata vipandevipande kwa kuwaka na kuzima maelfu ya mara kila sekunde. Kasi hiyo ya kuwaka na kuzima ndiyo masafa ya kubebea. Usiyachanganye na zile 50 Hz zinazoamua mwendo: ukibadilisha masafa ya kubebea, mota haikimbii zaidi wala kupungua. Vipande hivyo vya umeme hutikisa mabati membamba yaliyopangwa ndani ya mota. Inveta ikiwa kwenye 2 au 4 kHz (mara 2,000 au 4,000 kwa sekunde), mtikisiko huo unaangukia mahali ambapo sikio la binadamu husikia kwa wepesi zaidi. Ukipandisha hadi 8 au 10 unafifia, na kwenye 16 watu wazima wengi huusikia kwa shida.

Ila hakikisha kwanza kelele ni ya umeme. Ipange inveta imwachie mota azunguke hadi asimame mwenyewe, bila breki. Mkimbize hadi mwendo wa kawaida, bonyeza kitufe cha kusimamisha, kisha tega sikio. Mluzi ukikatika papo hapo huku shafti bado inazunguka, ni wa umeme. Sauti ikiendelea na kushuka pamoja na mwendo, kagua beringi, feni na kapulingi (kiungo cha shafti ya mota na mashine). Huko hakuna mpangilio wa inveta utakaosaidia. Jaribio hili lisifanywe kamwe kwenye winchi au lifti, kwa sababu mzigo unaweza kuporomoka.

Sasa upande ambao mafundi wengi huupita haraka. Kila transista inapowaka na kuzima hupoteza umeme kidogo kama joto, hivyo ukipandisha masafa mara mbili, joto la aina hiyo nalo huongezeka karibu mara mbili. Ndiyo maana vitabu vya inveta huweka jedwali linaloshusha ampea zinazoruhusiwa kadiri masafa yanavyopanda. Inveta iliyochaguliwa bila akiba ya uwezo, ndani ya paneli isiyopitisha hewa, itajizima. Nyingine hushusha masafa zenyewe zikichemka, na mluzi unarudi mzigo unapokuwa mkubwa.

Kebo ndefu nayo inaleta shida yake. Kila mkato wa umeme husukuma mkondo kidogo kutoka kwenye kebo na mota kwenda ardhini. Masafa yakiongezeka, mkondo huo unaongezeka, na breka inayokata umeme ukivuja huanza kukata bila hitilafu yoyote kuonekana. Sensa za jirani huweza kusoma vibaya, na beringi za mota zikapitisha umeme unaozichimba taratibu.

Kwa hiyo sisi hatupendi kuruka hadi juu kabisa. Kwenye inveta nyingi za Mitsubishi mpangilio wa masafa ya kubebea ni Pr. 72, na za Yaskawa ni C6-02. Panda hatua moja, mpe mota mzigo kamili hadi joto litulie, soma halijoto ya inveta kwenye skrini, ndipo upande tena. Simama pale kelele inapovumilika. Chumba cha mashine kisicho na mtu wa kukaa humo, kiache kilivyo. Penye ofisi au wodi karibu na kebo ni ndefu, chujio la mawimbi, linalolainisha umeme uliokatwakatwa, kati ya inveta na mota ni suluhisho bora zaidi, mradi masafa yawekwe kama chujio lenyewe linavyotaka.

Ukitupigia, andaa picha ya kibati cha maelezo cha mota na cha inveta, urefu wa kebo, ampea mota ikiwa na mzigo kamili, na aina ya breka iliyofungwa. Ukiweza, rekodi pia sauti ya lile jaribio la kuzima, kuanzia kabla ya kubonyeza kitufe hadi shafti isimame.