Swahiba, hukuwa mwoga

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na pole nyingi zaidi. Barua yako niliisoma jioni, nikairudia usiku, na leo asubuhi nikasoma tena pale uliposema, "Nilinyamaza kama mjinga." Naanzia hapo hapo. Mengine yatafuata.

Ulikuwa peke yako, usiku, mbele ya askari watatu wenye silaha. Mmoja ameshika kitambulisho chako, anakipindapinda na kukichezea vidoleni kama karata, huku akikuuliza unatoka wapi, unakwenda kwa nani, na kwa nini mkono unakutetemeka kama huna cha kuficha. Mtu akishika kitambulisho chako usiku namna hiyo amekushika wewe mzima. Ulitafuta njia ya kufika nyumbani salama, ukafika. Hao wanaokwambia leo "ungemweleza haki zako" walikuwa wamejifunika shuka saa hiyo. Mpiga ngumi ukutani huumiza mkonowe, nawe mkono wako unao.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilijibu. Kisa changu hukijui chote, kwa kuwa nilikuwa naona aibu kukisimulia, kama wewe sasa.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamishwa hivyo hivyo, nikauliza kosa langu ni nini. Nikauliza mara ya pili. Mara ya tatu sauti ilipanda, na sauti yangu unaijua ikipanda. Nikapandishwa garini kwa kosa la kumzuia askari kutekeleza kazi yake. Hilo, swahiba, ndilo kosa la akiba: mtu akikosa la kukubambikia, anakubambikia hilo. Kituoni nikaambiwa vua mkanda, toa kamba za viatu, toa vitu vyote mfukoni. Askari wa kaunta akawa anaandika: mkanda mmoja, funguo mbili, pochi. Saa yangu ya mkononi niliiweka mezani pamoja na vingine, ila kuandikwa haikuandikwa, nami nikaona haya kusema, maana tayari nilikuwa mtu wa kelele. Asubuhi zamu ilishabadilika. Niliposema saa yangu haipo, kijana wa kaunta akanisomea orodha kwa adabu kabisa, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari, kisha akasema, "Hapa hakuna saa." Na kweli, kwenye karatasi hapakuwa na saa.

Ila usiku huo huo ndipo nilipopata somo. Kama saa nane hivi niliitwa nikasaini maelezo yangu. Maelezo "yangu" yalikwisha kuandikwa na mtu mwingine, ukurasa mmoja na robo, na robo tatu iliyobaki ilikuwa nyeupe, na mahali pa saini pamewekwa chini kabisa ya ukurasa. Kabla sijatoka selo, mzee mmoja tuliyekuwa naye, ambaye hakuwa amesema neno tangu niingie, alininong'oneza: "Ukisaini, usiache uwanja." Sikumwelewa hadi nilipoiona ile karatasi. Ule uwanja mweupe juu ya saini ndiko maneno mengine yanakoongezwa kesho.

Nikaomba kusoma. Ilikuwa imeandikwa kwamba nilimsukuma askari. Nikasema, kwa sauti ya chini safari hii, "Afande, hili sikulisema, siwezi kulisaini. Nililolisema niko tayari kulisaini." Akakasirika, akatoka, akarudi na karatasi nyingine. Tukaandika upya. Nilipomaliza kusoma nikasaini hapo hapo chini ya neno la mwisho, halafu nikavuta mstari wa mshazari kwenye sehemu yote iliyobaki tupu. Aliutazama ule mstari muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kesho yake niliachiwa bila mashtaka. Siwezi kuapa kuwa ni mstari ulionitoa. Huenda walichoka tu. Na nisiwe mwongo: aliyeniletea maji usiku ule alikuwa askari pia.

Tangu siku ile nimeamini jambo moja. Anayetumia vibaya cheo chake anategemea pasiwe na shahidi wala maandishi. Pale barabarani ana nguvu zote. Kwenye meza yenye tarehe, saa na saini, anapungua kimo. Kwa hiyo ukisimamishwa na askari, kazi yako si kumshinda. Kazi yako ni kutoka salama na kutoka na kumbukumbu, ugomvi uende mezani.

Mikono ionekane. Usikimbie, usiingize mkono mfukoni ghafla bila kusema unachotoa. Jina lako litaje pale sheria ya huko inapotaka. Halafu uliza kwa upole, "Samahani afande, nimekamatwa au naweza kwenda?" Ni swali dogo, lakini linamlazimisha achague. Akisema uende, nenda, usibaki kumalizia hoja. Akisema umekamatwa, uliza kwa kosa gani, mara moja tu, kisha sema kwamba mengine utayajibu mbele ya wakili. Kama anakupekua na hukuridhia, tamka kwamba huridhii, lakini usimzuie kwa mikono, maana hapo ndipo lile kosa la akiba linapozaliwa.

Haya sikuyatunga mimi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, uliopitishwa mwaka 1966 na kuanza kutumika 1976, unasema katika kifungu cha 9 kwamba anayekamatwa aambiwe sababu wakati huo huo wa kukamatwa, na anayeshtakiwa kwa jinai afikishwe mbele ya hakimu bila kucheleweshwa. Kifungu cha 14 kinasema mshtakiwa asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe wala kukiri kosa. Nchi nyingi sana zimeuridhia. Saa ngapi hasa, wakili gani, dhamana ipi, hayo kila nchi ina sheria yake, nawe na mimi hatuko nchi moja, kwa hiyo za huko uzitafute ukiwa umetulia nyumbani. Usizitafute simuni wakati tochi iko usoni.

Uliniandikia jambo lililonikaa kichwani: kwamba yule askari wa tatu, kijana, alikuwa anaangalia chini muda wote. Umeona vizuri. Unamkumbuka Stanley Milgram, yule mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale? Mwaka 1961 alianza majaribio ambamo mtu wa kawaida aliamriwa na msimamizi ampige mwenzake shoti za umeme kila akikosea jibu. Shoti hazikuwa za kweli, ila aliyebonyeza hakujua. Katika jaribio linalotajwa zaidi, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho wa mashine, volti 450, wengine wakitoka jasho na kulalamika, lakini wakibonyeza. Hilo wengi hulisimulia, kisha huishia hapo na kutikisa kichwa. Mimi napenda jaribio lake jingine, lile alimoweka watu wawili pembeni ya mbonyezaji, wakakataa kuendelea, mmoja baada ya mwingine. Safari hiyo waliofika mwisho walikuwa 4 kati ya 40. Wawili tu kukataa, na mkono wa wa tatu ukapata ruhusa ya kusimama.

Kijana wako alikuwa na wawili pia, bahati mbaya wawili wa upande ule mwingine. Simtetei. Tangu mwaka 1979 Umoja wa Mataifa una kanuni za maadili kwa watekelezaji wa sheria, na kifungu cha 5 kinasema wazi kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kumtesa mtu. Ila ukiandika malalamiko yako, usimsahau aliyeangalia chini. Mara nyingi ndiye atakayesema kweli akiulizwa peke yake.

Kuhusu kurekodi kwa simu, umeuliza kama ungefanya hivyo. Usiku ule, peke yako, hapana. Anayerekodi vizuri ni mtu wa pembeni. Mwaka 2020, Mei 25, George Floyd, Mmarekani mweusi, alipouawa na polisi mjini Minneapolis, Marekani, taarifa ya kwanza ya polisi ilizungumzia mtu aliyefariki baada ya tatizo la kiafya; goti la askari lililombana shingoni halikutajwa. Binti wa miaka 17, Darnella Frazier, alikuwa amesimama kando ya barabara na simu yake, akarekodi. Mwaka uliofuata mwenye goti lile, askari Derek Chauvin, alitiwa hatiani na kufungwa miaka 22 na nusu. Hebu fikiria ile taarifa ya kwanza ingebaki peke yake. Basi siku ukiona mwingine yuko pale ulipokuwa wewe, na sheria ya huko inaruhusu, simama mbali kidogo, mahali unapoonekana, usiingilie, usitukane, rekodi, na ikiwezekana itume kwa mtu unayemwamini kabla hujaondoka. Hata bila simu, kusimama tu na kutazama kunasaidia. Askari anayejua anatazamwa huongea tofauti.

Sasa ile hela uliyowapa askari wale. Nakuona unavyoizunguka katika barua, mistari mitatu ya kujitetea kabla ya kusema ulitoa. Ulitoa, basi. Mimi pia nimewahi kutoa, na sikuwa na bunduki tatu mbele yangu, nilikuwa na haraka tu. Tofauti ya hongo ya tamaa na hela ya kunyang'anywa naiona kubwa, hata kama baadhi ya sheria hazioni sana, na ndiyo maana kabla ya kuiandika popote zungumza na wakili kwanza. Kwa siku za mbele, kuna swali ambalo limenisaidia mara mbili: "Hii faini nailipia wapi, na stakabadhi naipata kwa nani?" Liulize kwa uso wa mtu anayetaka kweli kulipa. Ukicheka umeharibu. Mara ya tatu halikusaidia, nilikaa kando ya barabara saa tatu nzima. Nakuambia ili usije ukanilaumu.

Mambo ya mkubwa wako kazini nitayapitia haraka kwa sababu dawa yake ni ile ile. Watu wa aina yake hutoa amri mlango ukiwa umefungwa, wakiufungua wanasahau. Ukitoka ofisini kwake mwandikie ujumbe wa heshima siku hiyo hiyo: "Kama tulivyozungumza leo asubuhi, umeniagiza nifanye kadha wa kadha." Bila shutuma, bila kejeli. Akikaa kimya, una karatasi. Akikana, una karatasi mbili.

Turudi kwako. Umesema unakumbuka tarakimu tatu za mwisho za gari lao, na kwamba mkubwa wao alikuwa na kovu kidevuni. Yaandike sasa, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Andika saa, andika mahali, andika maneno yake kama alivyoyasema, hata matusi, usiyasafishe. Palipo na shaka andika "sina hakika", maana ukikutwa na uongo mmoja mdogo watautupa na ukweli wote. Huo mkono uliovutwa, kama bado una alama, daktari auone leo, aandike alichokiona, nawe uupige picha ukiwa na mtu. Usingoje uone kama utapona wenyewe. Utapona, ndiyo shida yake.

Kulalamika rasmi au kuacha, hilo ni lako. Sitakusukuma. Unaishi huko, unapita njia ile kila siku, na kisasi cha mwenye sare si hadithi. Ukiamua kuendelea, barua iende sehemu zaidi ya moja: kwa mkuu wao, na kwa chombo kilicho nje yao kama huko kipo. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yako isikae kwako. Iache kwangu. Wala usiende kuipeleka peke yako. Mchukue mtu mzima anayejua kukaa kimya, asiende yule ndugu yako mwenye mdomo, nampenda sana lakini tutamlipia dhamana.

Na ukiamua kuacha, andika vile vile. Huenda mwingine atasimamishwa na mwenye kovu lile lile, na maandishi yako yakawa ya pili au ya tano.

Nitumie hayo maandishi kabla ya Ijumaa, yakiwa mabichi hivyo hivyo, nitakusaidia kuyapanga. Halafu kitambulisho: umesema kona imevunjika alivyokuwa akikipindapinda, na unataka kwenda kubadilisha. Kipige picha kwanza, pande zote mbili.

Wako daima,
yule mwenye kelele