Injini ya 2AZ-FE inayokula mafuta au kupoteza maji: tunachopima kabla ya kuifungua

Wateja wetu wengi hapa Goma wanaendesha Toyota zenye injini ya esansi ya lita 2.4 inayojulikana kwa namba 2AZ-FE: Camry, RAV4, Harrier, Ipsum na Estima za miaka ya 2000. Malalamiko makubwa wanayotuletea ni mawili, nayo huletwa kana kwamba ni ugonjwa mmoja: injini inakula mafuta ya kulainisha (si esansi), injini inachemsha. Chanzo cha moja si chanzo cha jingine, gharama zake hazikaribiani, na anayeyachanganya huishia kulipia kazi ambayo gari lake halikuihitaji.

Kwa ujenzi wake, injini hii ina silinda 4 zilizopangwa kwa mstari, vali 16 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,362. Kipenyo cha silinda ni milimita 88.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 96. Mwili wake ni wa alumini, ila ndani ya silinda kuna silivu (mirija) za chuma. Vali zake huendeshwa kwa mnyororo, si kwa mkanda, hivyo fundi anayekuhimiza ununue mkanda wa taiming hajawahi kuifungua. Nguvu yake ni takriban farasi 160 katika usawa wa bahari, lakini mji wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, ambako kanieneo ya hewa imepungua kwa takriban asilimia 15, na nguvu ya injini hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Gari likipanda kwa uzito kuelekea Kibumba, hilo peke yake si dalili ya ubovu.

Tuanze na mafuta. Katika injini nyingi za aina hii, hasa zile za karibu 2006 hadi 2009, ringi ya pistoni inayokwangua mafuta huganda kwa masizi, kwa kuwa matundu ya kurudishia mafuta kwenye pistoni za miaka hiyo huziba kwa urahisi. Mafuta hubaki kwenye ukuta wa silinda, yakaungua pamoja na esansi, na moshi wa buluu hutoka, hasa unapokanyaga tena baada ya kuteremka mlima. Toyota yenyewe ililitambua tatizo hili: mwaka 2011 ilitoa maelekezo kwa mafundi wake nchini Marekani, ikatengeneza pistoni na ringi zilizoboreshwa, na ikaweka mpaka wa takriban lita 1 kwa kila kilomita 2,000. Injini inayopita hapo inahitaji matengenezo.

Hesabu yake ni rahisi, na ndiyo inayotutia wasiwasi. Injini hii huchukua lita 3.8 au 4.3 za mafuta pamoja na filta, kutegemea mwaka wa gari. Mtu anayepoteza lita 1 kwa kilomita 1,000 na kusubiri vidanji (kubadilisha mafuta) ya kilomita 5,000 atakuwa amekausha injini kabla hajafika. Wengi hutujibu kwamba taa nyekundu ya mafuta haijawaka. Taa ile haipimi kiasi cha mafuta. Inapima kanieneo, na ikiwaka ujue pampu imeshaanza kuvuta hewa. Kabla ya hapo, kirekebishi kinachokaza mnyororo na mfumo wa VVT-i unaobadilisha wakati wa vali kufunguka, ambavyo hutegemea kanieneo hiyohiyo, vinaweza kuwa vimeshaanza kupiga kelele. Tunaomba mteja avute kijiti cha kupimia mafuta kila wiki, gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Hata hivyo, si kila injini inayopungukiwa mafuta ina ringi mbovu. Tunaanza na vitu vya bei ndogo: vali inayorudisha mvuke wa mafuta kwenye njia ya hewa, gasketi ya mfuniko wa juu, na mpira wa kirekebishi cha mnyororo, ambao huvujisha ubavuni mwa injini na kuwadanganya wengi. Baada ya hapo tunajaza mafuta hadi alama ya juu, tunaandika kilomita, na gari hurudi baada ya kilomita 1,000. Ni polepole, lakini hatujaona njia nyingine ya haki ya kumwambia mtu kwamba pistoni zake zitolewe.

Kuchemsha kuna habari yake. Katika injini za miaka ya mwanzo, hadi karibu 2006, bolti zinazofunga kichwa cha silinda, hasa zile za nyuma, hushika katika nyuzi (mikato ya kukazia bolti) fupi zilizochongwa kwenye alumini. Nyuzi zikichoka, bolti hulegea, gasketi hupoteza mbano, na maji hutoka kidogo kidogo upande wa nyuma ambao macho hayaufikii. Baadaye Toyota ilirefusha nyuzi hizo. Dalili ni maji yanayopungua bila tone chini ya gari, harufu tamutamu injini ikiwa moto, na ukoko mweupe au wa waridi nyuma ya injini. Kubadilisha gasketi pekee hapa ni kutupa fedha, kwa sababu bolti mpya haiwezi kushika kwenye nyuzi zilizokufa. Matundu hutobolewa upya na kuwekewa nyuzi za chuma, kichwa hupimwa kama kimepinda, kisha bolti mpya hufungwa kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza na kumaliziwa kwa robo duara.

Mazoea mawili ya mjini huharakisha tatizo hili. La kwanza ni kujaza radiateri kwa maji ya Ziwa Kivu, ambayo yana madini mengi yaliyoyeyuka na huacha ukoko ndani ya njia nyembamba. La pili ni kung'oa themostati ili injini ipoe. Themostati hufunguka kwenye nyuzijoto takriban 80 hadi 84. Ikiondolewa, injini huchelewa kupata joto lake, hula esansi zaidi, na chanzo cha kuchemsha hubaki palepale. Angalieni pia kifuniko cha radiateri: kwenye mwinuko wetu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, kwa hiyo kifuniko kisichoshika kanieneo kinatuumiza kuliko watu wa pwani.

Kuhusu vumbi jeusi la lava tutasema jambo moja tu: filta ya hewa iliyopasuka hupitisha vumbi linalokwangua silinda kama msasa, na pistoni mpya haziwezi kuponya silinda iliyolika.

Wapo wanaopendelea kununua injini nyingine iliyotumika. Hatuwakatazi, ila 2AZ-FE ya miaka ileile huja na udhaifu uleule, kwa hiyo tunataka kujua ilitoka kwenye gari la mwaka gani na kupima mbano wa silinda zake kabla fedha hazijatolewa. Kwa vipimo vya maji na mafuta, leteni gari asubuhi, injini ikiwa baridi, na msiongeze kitu chochote usiku wa kuamkia siku hiyo.