Vihisi vyetu vikiri vinapopotea

Mhariri,

Naunga mkono wanaotaka nyumba na maduka yetu yawe na vihisi vinavyotambua hali na kuchukua hatua bila kuamriwa, ila jukwaa la programu la kuviendesha lichaguliwe kwa makini. Jukwaa moja la aina hiyo, OSGi, lililoanza mwaka 1999 likilenga vifaa vya nyumbani, hugawa programu katika moduli, yaani vipande vinavyojitegemea, zinazoweza kuongezwa au kubadilishwa bila kuzima mfumo mzima, kila moja ikitafuta huduma kwenye sajili ya pamoja, yaani orodha ya huduma zilizopo. Kazi ipo hapo: dukani kwangu umeme ukikatika, kihisi cha jokofu hutoweka, na programu niliyouziwa (kwa bei isiyo haba) huendelea kuonyesha nyuzi 4 za jana, kana kwamba maziwa hayajachacha. Moduli iliyopoteza huduma ambayo yenyewe huitegemea haina budi kutangaza hivyo, ikiwezekana kwa ujumbe mfupi wa simu.

Mwenye duka, Mbarara