Malalamiko kuhusu ziara ya vyakula mjini Granada na kudhalilishwa kwa mama yangu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salaam. Ninaandika kwa heshima, na ninajizuia sana ili heshima hiyo isinitoke kabla sijafika mwisho wa barua. Masharti yenu mnayajua, na kifungu cha chakula cha halali mmekiandika wenyewe kwa herufi nzito, kwa hiyo sina haja ya kuwasomea. Ninachotaka mkijue ni kile kilichotendeka mezani, usiku wa ziara ya vyakula mjini Granada, katika jimbo la Andalusia nchini Hispania, mwezi Aprili mwaka huu.

Katika baa ya tatu, kwenye Mtaa wa Navas, tuliwekewa sahani ya habas con jamón, yaani maharage mabichi ya kijani yaliyokaangwa pamoja na vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, aliuliza kwa upole ile ni nyama gani. Kiongozi wa msafara, kijana wenu mliyetoka naye Dar es Salaam, hakumjibu. Alichukua uma, akavichokoa vipande vile kimoja kimoja akavitia kwenye sahani yake, kisha akaisukuma sahani ileile mbele ya mama na kumwambia, “Haya, haipo tena. Kula.”

Hakusema “samahani mama”, wala hakuagiza chakula kingine. Alisema “kula”, kama anavyoambiwa mtoto aliyenuna.

Wala msiniambie kwamba Granada ni mji mgumu kwa Mwislamu kupata chakula. Mtaa huohuo, milango miwili tu kutoka pale, walikuwa wakiuza biringani za kukaanga zilizomwagiwa asali ya miwa, na dagaa wakubwa wa kukaanga, na remojón, ile saladi ya machungwa na samaki mkavu wa chumvi ambayo mama alikuwa ameitamani tangu asubuhi kwa sababu alitaka kuilinganisha na ng’onda wa kwao Tanga. Hakuionja mpaka tunaondoka Hispania. Mnaouza safari hii mkiita “Andalusia kwa familia za Kiislamu” mlipaswa kuyajua haya kuliko mimi.

Lipo pia suala la fedha. Granada ni miongoni mwa miji ya Hispania ambako desturi ya zamani bado inashikwa: mtu akiagiza kinywaji, kisahani cha chakula huja nacho bila malipo, na akiagiza kinywaji cha pili huletewa kisahani kingine. Sisi tulilipia ziara euro 95 kila mmoja, kisha kiongozi wenu akatukusanya euro 12 zaidi kila mtu akidai ni za tapas, yaani visahani hivyohivyo. Mama aliagiza mosto, juisi ya zabibu isiyochachuka ambayo baa nyingi za huko huwa nayo, nami niliagiza maji. Wenzetu waliokunywa bia waliletewa visahani vyao. Nilipomuuliza mhudumu, alinieleza wazi kwamba visahani vile havitozwi, awe mteja amekunywa bia au juisi. Ningependa kuelezwa kwa maandishi euro 24 zetu zilikwenda wapi.

Ninarudi kwenye sahani, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Tulikuwa watu 13 kwenye meza ile ndefu. Uma ulikuwa mkononi mwa kijana wenu, na mafuta ya nyama yalikuwa yanang’aa juu ya maharage alipoisukuma sahani. Mama hakusema neno. Alichukua karatasi ya kufutia mikono, akaifunika sahani yote kama mtu anayefunika kitu cha aibu, akavuta mtandio wake, akaangalia chini. Baadhi ya wenzetu walicheka. Kijana wenu naye alicheka, akaongeza, “Mama, mambo madogo haya, nyama si imeshatolewa?” Mama akaniambia polepole, “Mwanangu, tuondoke.” Tukatembea wawili peke yetu kurudi hotelini, na usiku ule alilala na njaa.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kijana yule hakuwa mjinga wa mambo haya. Mchana wa siku hiyohiyo, tukiwa juu kule Albaicín, mtaa wa kale wa Waislamu, ndiye aliyetusimulia jinsi Granada ilivyotoka mikononi mwa Waislamu tarehe 2 Januari 1492, na jinsi katika miaka iliyofuata mtu aliyekataa nguruwe alivyoweza kushtakiwa kwa Mahakama ya Inquisición, ile mahakama ya Kikatoliki iliyowasaka walioshukiwa kushika Uislamu kwa siri. Mama alimsikiliza kwa makini kuliko sisi sote. Saa chache baadaye, msimulizi huyohuyo anamsukumia sahani na kumwamuru ale. Na msikiti ulio pembeni ya uwanja wa San Nicolás, uliofunguliwa mwaka 2003, ambao ratiba yenu ilisema tungeswali humo Magharibi, tuliupita tukiambiwa tumechelewa.

Tarehe 3 Machi niliwaandikia kuhusu chakula cha mama, na ofisi yenu ikajibu kwamba imezingatia. Asubuhi baada ya tukio nilijaza fomu ya malalamiko, hoja de reclamaciones, ambayo sheria za Andalusia zinailazimu kila biashara kuwa nayo na kuijibu ndani ya siku 10 za kazi. Mshirika wenu wa Granada alijibu ndani ya muda huo. Ameandika kwamba hakupokea maelekezo yoyote ya chakula kutoka kwenu. Barua yake ninayo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai euro 190 za ziara na zile 24 za tapas, basi. Lakini kila ninapoikumbuka ile karatasi juu ya sahani, naona dai hilo halitoshi. Ninataka barua ya kuomba radhi iliyoandikwa kwa mama yangu, kwa jina lake, isainiwe na mkurugenzi na si na kijana wa mapokezi. Ninataka kiongozi yule asipewe tena msafara wenye wazee. Na kwa kuwa imethibitika kwamba mlinijibu “imezingatiwa” wakati hamkumwambia mtu yeyote, ninadai nauli na gharama zote za mama za safari nzima, maana safari mliyomuuzia siyo mliyompeleka.

Ninawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na barua ya Granada, risiti na ujumbe wenu wa Machi, na nitakwenda mahakamani bila kuwaandikia tena. Nimeshazungumza na familia mbili zilizokuwa kwenye msafara ule, nazo ziko tayari kutoa ushahidi.

Msinipigie simu kuniomba tuyamalize kwa maneno. Nijibuni kwa maandishi, na barua ya mama iwe katika bahasha yake peke yake.

Wenu,
Mteja wa msafara wa Aprili,
Dar es Salaam