Huyo si naibu wa mtu

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Sisi hatujambo, mama yako bado anahangaika na goti lake.

Habari uliyonitumia nimeisoma mara mbili. Imeandikwa vizuri, ila mstari wa tatu usiende hewani ulivyo. Mgeni wa Zimbabwe mwenye cheo cha Air Vice Marshal umemwita "Naibu Mashali wa Anga". Nakuelewa, maana hata mimi niliandika hivyo hivyo nilipokuwa kijana kwenye chumba cha habari. Mgeni wangu alikuwa Mwingereza. Msaidizi wake alinifuata kwa upole, akanionyesha mkono wa koti la mkubwa wake: ukanda mmoja mpana na mwembamba mmoja juu yake. Hicho ni cheo, akaniambia, si kazi. Niliona haya siku nzima.

Ukimwita mtu naibu, msikilizaji atauliza: naibu wa nani? Utakuwa umempa bosi asiye naye. Mavaisi mashali, yaani wenye cheo hicho cha Air Vice Marshal, wanaweza kuwa kadhaa katika jeshi moja kwa wakati mmoja, kila mmoja na kazi yake. Mbona Meja Jenerali humwiti meja? Na hapo ndipo penyewe, kwa sababu vaisi mashali analingana na Meja Jenerali. Chini yake yuko komodoa wa anga, sawa na brigedia. Juu yake yuko mashali wa anga, kisha mashali mkuu.

Majina haya ni ya Waingereza. Jeshi lao la anga lilizaliwa tarehe 1 Aprili 1918, kwa kuunganisha marubani wa nchi kavu na wa majini, likaanza kwa kuazima vyeo vya nchi kavu. Mwaka 1919 ndipo likajipatia vyake. Neno mashali lenyewe ni la kale mno, na kwa asili lilimaanisha mtumishi wa farasi. Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka: mchunga farasi amepanda hadi mawinguni!

Zimbabwe walirithi vyeo hivyo. Perrance Shiri aliongoza jeshi lao la anga akiitwa Air Marshal. Kwetu Tanzania na kwa jirani zetu Kenya havitumiki. Marehemu Francis Ogolla alirusha ndege za kivita za F-5, akapanda hadi Mkuu wa Majeshi ya Kenya, na alipofariki katika ajali ya helikopta Aprili 2024 alikuwa Jenerali, kama wenzake wa nchi kavu. Kwa hiyo usimpe ofisa wetu wa anga umashali kwa sababu tu anavaa mabawa kifuani.

Andika hivi: "Vaisi Mashali wa Anga, cheo kinacholingana na Meja Jenerali", kisha jina, kisha wadhifa wake. Wadhifa huo umwulize msaidizi wake leo, usiubuni kutokana na cheo. Ukishaupata nipigie, hata kama ni usiku.

Baba yako